Joto la Nyuma ya Friji

Sogea karibu kidogo, nikueleze jambo ambalo bado linanikera. Kila ninaponusa mkaa wa senetwet, ule mti ambao kwetu huchomwa ili kusugulia vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya mgando, sikumbuki utamu wa maziwa hayo. Namkumbuka mtu mzima mwenye begi la vyuma akininyooshea kidole, nami nikiwa na miaka tisa.

Mama alikuwa na duka la maziwa sokoni Kiptere. Ndani mlikuwa na friji ndefu ya mlango wa kioo, imejaa maziwa, soda na chupa za mursik. Mbele yake aliketi nyanya yangu, tuliyemwita Kogo, juu ya kigoda chake. Kazi yake ilikuwa kuandaa vibuyu. Alikiingiza kijiti cha senetwet kilichochomwa ndani ya kibuyu, akasugua mpaka kikawa cheusi tii, kisha akakigeuza na kukigonga ili unga uliobaki umwagike. Angeweza kuifanya kazi hiyo nyumbani, lakini wateja walitaka kuiona kwa macho yao. Mursik ambayo hukuona kibuyu chake kikisuguliwa, walisema, ni maziwa tu yaliyochacha.

Mimi mahali pangu palikuwa nyuma ya friji. Asubuhi za kwetu ni baridi, na vijia vya kwenye majani chai hukulowesha hadi magotini. Huko nyuma, chini kabisa, friji ilipuliza joto. Niliegemea ukuta, nikanyoosha miguu na kukausha soksi kabla ya kwenda shule. Wengi hushangaa wakisikia hivyo, kwa hiyo nifafanue: friji haitengenezi baridi, bali hulitoa joto lililo ndani na kulitupa nje. Kwa friji ile, hewa iliingia mbele, chini ya mlango, ikapita kwenye mabomba membamba yenye moto, halafu ikatokea nyuma ikiwa imebeba joto hilo.

Kisha maziwa yakaanza kuchacha na kukatika ndani ya friji. Mama alimwita fundi kutoka mjini. Fundi akaweka sikio kwenye mlango, akasema gesi imeisha, akaongeza gesi, akaenda. Baada ya siku tatu maziwa yakakatika tena. Akarudi, akaongeza gesi. Mara ya tatu, duka likiwa limejaa watu, nadhani aliona aibu kusema gesi tena.

"Mama Cheptoo, hii friji haina makosa," alisema. "Ni mlango. Nani huwa anaufungua-fungua?"

Mama akanitazama.

"Si mimi," nikasema. "Lakini friji imeacha kupuliza joto. Siku hizi soksi zangu hazikauki."

Fundi alicheka mpaka akaliweka begi chini. "Mmesikia huyu? Anataka friji impashe joto. Kesho ataambia jiko litoe barafu."

Wateja wakacheka. Hata Kogo akacheka.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo hasira yangu ilipo. Gesi ya friji si kama ya kupikia. Haichomwi, wala haiishi. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa, mwaka baada ya mwaka. Ikipungua, pana tundu, na kazi ya fundi ni kulitafuta. Yule bwana hakutafuta tundu. Hakupiga magoti. Hakufungua kifuniko hata kimoja. Alimtafuta mtoto.

Mama alimwaga maziwa ya siku ile nyuma ya duka, na aliporudi hakunitazama. "Shule ikifungwa utaenda kukaa kwa shangazi yako Londiani," alisema. "Huko hakuna friji ya kuchezea."

Shule ikafungwa. Jumamosi asubuhi nilikuwa nimeketi dukani juu ya kreti la soda, mfuko wangu wa nguo miguuni, nikimsubiri Mama afunge hesabu ya chupa anipeleke stendi. Ndipo akaingia Moraa, mwanamke Mkisii aliyetengeneza mafeni ya kunyaushia majani katika kiwanda cha chai. Alikunywa maziwa yake huku ameinamisha kichwa, anasikiliza.

"Hii friji yenu huwa inapumzika kweli?"

"Haipumziki," nikajibu, maana hakuna mwingine aliyejua. "Inanguruma tu. Na haipulizi joto."

"Haipulizi wapi?"

Hakuna mtu mzima aliyekuwa ameniuliza swali hilo. Nikampeleka nyuma. Akaweka kiganja chini, akatulia, akasema, "Zimeni hii kitu."

Alichomoa waya, akapiga magoti mbele ya friji na kufungua kifuniko cha chini kwa bisibisi. Pale hewa ilipopaswa kuingia palikuwa na blanketi jeusi la vumbi, nene kama kidole. Akalisugua kati ya vidole, akanusa, kisha akamgeukia Kogo aliyekuwa na kibuyu mapajani.

"Kogo, unga wako umehamia huku."

Kogo aliitazama mikono yake. Halafu akampa Moraa brashi yake ya vibuyu.

Blanketi lote lilipotoka, Moraa akawasha friji. "Nenda nyuma, uniambie."

Nilivua viatu. Nikangoja. Kisha joto likaja, polepole, kwenye nyayo.

Mama hakuniomba msamaha. Aliuchukua mfuko wangu, akauweka juu ya rafu, akakibeba kigoda cha Kogo mpaka barazani.

Leo natengeneza friji za maduka, kutoka Kericho hadi Bomet. Zamani niliamini yule fundi alikuwa mwongo. Baadaye nilielewa kwamba hakujua tu, na kwamba kulitamka neno "sijui" mbele ya wateja kulimwia vigumu kuliko kumtupia mtoto lawama. Kuelewa hivyo hakujanipoza. Mama naye aliliamini begi la fundi kuliko mtoto wake.

Basi friji yako ikilegea, usianze na gesi. Chomoa waya, fungua kifuniko cha chini, pangusa vumbi kwa brashi laini kutoka juu kwenda chini, kisha washa na uweke mkono pale hewa inapotokea. Usipohisi joto, muulize mtoto anayekaa karibu nayo lilikoma lini.