Nyota Inayopatwa Kila Siku ya Tatu

Kosa lilikuwa langu. Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Mocímboa da Praia, na mwalimu akishazoea kufundisha hajui tena kunyamaza, hata kwake. Jumanne moja ya Desemba energia ilikatika baada ya isha, taa zikazimika mji mzima, mbingu ikawa safi, nikawaita mama zangu wawili uani. Nilitaka kuwaonyesha nyota niliyowapa wanafunzi kazi ya kuitazama. Nikasema, "Ile pale, juu ya paa la jirani, leo inapatwa. Ikifika saa nne itakuwa imebakiwa na theluthi tu ya mwanga wake."

Mama kusikia kupatwa, huyo, ameshainuka kutafuta birika atawadhe. Kwetu jua likipatwa au mwezi ukipatwa watu huswali, na mama si mtu wa kumkawiza Mungu. Nikamwambia swala ile ni ya jua na mwezi.

"Na nyota kaiumba nani?" akaniuliza. "Professora, hebu kaa pembeni."

Akamwita mama mdogo, akatandika mkeka, wakaswali rakaa mbili. Mama mbele kidogo, kama kawaida yake, na mama mdogo nyuma yake upande wa kulia. Mimi nilikaa kwenye kigoda na simu yangu ya selula mkononi.

Mama ndiye aliyenizaa. Mama mdogo ni mke mwenzake. Baba alimwoa kutoka bara, Mueda, nikiwa na miaka sita. Hakujaliwa mtoto. Baba alifia Pemba ya huku Msumbiji, tulikokimbilia wakati wa vita, na tuliporudi nyumba ya mama mdogo haikuwa na paa, basi akashusha mzigo wake kwa mama. Mama hakumkaribisha wala hakumfukuza. Wakawa wanaishi hivyo.

Sasa wiki ile kaka yake mama mdogo alikuwa ametuma ujumbe: Jumamosi asubuhi anakuja na gari kumchukua dada yake, arudi kwao. Mume amekufa, mtoto hana, anakaa kwa mke mwenza kama nani? Mama mdogo hakusema naenda, hakusema siendi. Alikuwa anangoja neno la mama, hilo hata kuku wa pale uani walilijua. Na mama, ambaye sokoni ana neno kwa kila anayepita, alisema moja tu: "Aende. Kwani nimemfunga kamba?" Nilitamani kumshika mabega nimtikise.

Basi wakamaliza kuswali, wakatazama juu. Nyota ilikuwa imeshafifia kweli. Mama akauliza nani anaimeza.

"Mwenzake," nikasema. "Ziko mbili. Zinazungukana karibu mno, sisi huku tunaona nukta moja. Moja ina moto mkali, karibu mwanga wote ni wake. Ya pili imevimba, hafifu, kama kaa linaloelekea kuzimika. Hiyo hafifu ikipita mbele, inamziba mwenzake. Kila siku tatu, kasoro saa tatu hivi. Kwa hiyo Ijumaa itapatwa tena, lakini mapema, baada ya magharibi."

"Na ile hafifu ikipita nyuma?" Aliyeuliza ni mama mdogo, ambaye kuuliza kwake ni kwa nadra.

"Hapo mwanga unapungua kidogo sana. Kwa macho matupu hakuna anayetambua."

Mama akacheka. "Maskini wee. Akikaa mbele ni kiza, akikaa nyuma hayupo."

Alicheka peke yake. Nami, kwa ule ugonjwa wangu wa kufundisha, nikaendelea. Nikawaambia kwamba waliopiga hesabu wanasema ile hafifu ndiyo iliyozaliwa nzito. Ilipoanza kuvimba, mwenzake akawa anaivuta, anajichukulia kidogo kidogo, mpaka leo yeye ndiye mzito na ndiye anayeng'aa.

"Huyo anayeng'aa anajua kama alipewa?" mama mdogo akauliza.

"Nyota haijui kitu, mama mdogo," nikamjibu. Jibu la kijinga, na mpaka leo linaniudhi.

Maana mji mzima unaijua mikate ya kumimina ya mama. Wanasema ana mkono mwema. Lakini anayeloweka mchele jioni, na kuutwanga alfajiri, na kuuchekecha mpaka uwe laini, ni mama mdogo. Tena siku tulipokimbia, baba alikuwa hawezi miguu, na aliyembeba mgongoni mpaka pwani ni mama mdogo. Mama akisimulia husema "tulimbeba". Nimeisikia "tulimbeba" hiyo mara nyingi, na sikuwahi kumsahihisha. Naona aibu kuliandika hilo.

Ijumaa furushi la mama mdogo lilikuwa tayari mlangoni, limefungwa kwa kanga. Siku nzima hawakusemezana ila kuhusu chumvi. Magharibi kulikuwa na wingu, nikadhani hatutaona kitu, kisha likapasuka na nyota ikaonekana, imeshafifia. Mama akatandika mkeka. Halafu akarudi nyuma, upande wa kulia.

"Leo utaswalisha wewe," akamwambia mwenzake.

Mama mdogo akakataa, akakataa tena. Fatiha yenyewe alifundishwa na mama, jikoni, mwaka ule aliposilimu. Mwishowe akasimama mbele. Sauti yake ilikuwa ndogo, na katikati alikwama. Mama, ambaye humsahihisha hata imamu akifika nyumbani, alingoja tu mpaka mwenzake akakumbuka mwenyewe.

Walipotoa salamu mama alijisogeza nje ya mkeka, akakaa chini, hakuinuka.

"Mimi kusema sijui," akasema, na hilo peke yake lilinishtua. "Ukienda, sokoni hakuna atakayeona tofauti. Watanunua, watanisifu vilevile. Lakini mimi nitajua. Na baba wa huyu ulimbeba wewe, dada. Mimi nilibeba birika."

Dada. Miaka yote ile mama mdogo ndiye aliyemwita mama dada, kwa heshima ya mke mkubwa, na mama hakuwahi kumrudishia.

Mama mdogo aliinuka. Aliukunja mkeka taratibu, akauegemeza ukutani.

"Mchele umeloweka?" akauliza.

"Bado."

"Saa hizi bado? Na kaka yangu asubuhi atakula nini kabla ya kurudi zake?"

Akaenda mlangoni, akalifungua furushi, akatoa chekeche lake, akaingia jikoni. Mama alibaki chini pale pale, analia bila kujificha, na mimi nikachukua ndoo nikawachotee maji.