Bosi wa Beseni

Usiku ule sikulala. Binti yangu alikuwa hospitali na mwanawe wa miezi kumi, aliyelazwa apimwe miguu, nami nimekaa na simu mapajani. Mtoto alikuwa hatambai, hasoti, hajiburuti. Pale ulipomweka ndipo utakapomkuta.

Binti yangu ni fundi cherehani. Anashona sare za shule katika chumba cha mbele. Cha nyuma ndicho tunacholala. Yuko kwenye kazi hiyo tangu ana miaka kumi na saba, na mgongo umeshaanza kumpinda. Sakafu yake haikosi pini. Mimi ndiye niliyesema mtoto akae ndani ya beseni kubwa la kufulia, karibu na mguu wa mama yake. Wateja wakamwita Bosi. "Bosi hainuki kitini," walisema, nasi tukacheka.

Simu ililia alfajiri.

"Mama, mifupa mizima."

"Sasa ana nini?"

"Muuguzi kasema ana beseni."

Nilicheka, kisha nikajiinamia. Walimpa wiki mbili: alazwe chini kwa tumbo kila siku, na asiposogea apelekwe kwa daktari wa mishipa ya fahamu.

Chini wapi? Chumba cha nyuma kitanda kimekimeza chote, umebaki ujia wa upana wa mkeka mmoja. Nikadeki, nikaikagua sakafu kwa kiganja, tukafunga mlango wa kati. Bosi na bibi yake ndani, cherehani upande wa pili ikinguruma.

Siku za kwanza alilia mpaka akalowa jasho. Siku ya nne akazunguka juu ya tumbo kama mshale wa saa. Ya saba akakitamani kifuniko cha sufuria mkononi mwangu, akasukuma kwa mikono, akaenda nyuma. Kadiri alivyokitaka ndivyo alivyokiacha, hadi akaingia uvunguni miguu kwanza, akinitazama kana kwamba nimemsukuma mimi.

"Bosi, gia hiyo siyo," nikamwambia.

Siku ya kumi na moja viwiko vikakamata sakafu. Akavuta tumbo, akapumzika, akavuta tena. Hakuja kwangu. Alikwenda mlangoni, ilikokuwa sauti ya mama yake, akaupiga kwa kiganja.

Cherehani ikanyamaza.

"Mama, ni wewe unayegonga?"

"Ni mwanao. Kaja mwenyewe."

"Usifungue, mama. Kopo la pini limemwagika, na sare wanazifuata saa nane."

"Nimfanyeje sasa?"

"Mrudishe ukutani. Atakuja tena."

Nikamrudisha. Akaja. Nikamrudisha, akaja upesi zaidi, akalaza shavu sakafuni na kupenyeza vidole chini ya mlango. Nilisikia kiti kikiburutwa. Vidole viwili vya binti yangu vikatokea kwenye upenyo ule, vikashika vya mwanawe.

Kisha vikaondoka, na cherehani ikaanza.