Karatasi za Ijumaa

Mchambuzi wa karatasi pale kiwandani hakuamini macho yake, aliamini vidole. Kila karatasi chakavu aliipapasa, akaichana kidogo pembeni, kisha akaitupa funguni huku akiinong'oneza, "Nenda ukazaliwe upya." Zilizolowa mafuta alizisonya. Wageni wakimsifu kwamba anaokoa misitu, alicheka mpaka ufizi ukaonekana, maana miti aliipenda kwelikweli. Ila karatasi za rangi alizirundika nyuma ya kiti chake, na ole wake atakayezigusa kabla ya Ijumaa. Maji ya kuoshea wino yalimwagwa mtaroni, na mtaro ulipita uani kwa wifi yake, mfuga bata. Ijumaa bata walishinda bandani hadi maji yatakate.

Jumatatu moja msimamizi akaliona rundo. "Mama, hizi zinaoshwa leo leo." Zikabebwa. Mashine ilipoanza kunguruma, yule mama mpole akakimbilia dirishani, akapaza sauti ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo: "Wifi! Fungia bata!"

"Wameshaingia majini!" likaja jibu kutoka ng'ambo ya ukuta.

Akarudi kitini taratibu. Akachukua karatasi, akaipapasa, akaichana pembeni, akaitupa funguni. Hakuinong'oneza kitu.