Kabla Jengo Halijapakwa Rangi

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile tuliyompeleka mama kuona jengo lililokuwa bado linajengwa.

Dada yangu Kendi alikuwa akisomea uuguzi katika chuo kilichokuwa kikijenga kampasi mpya karibu na Githongo, juu kidogo ya mashamba ya kahawa. Kwa wakati huo walisomea katika madarasa ya mabati, na Kendi hakutaka mama ayaone. Alikuwa na mpango wake: siku jengo litakapofunguliwa, atamshonea mama nguo mpya na kumketisha kwenye hema pamoja na wageni. Kila mama alipouliza atapelekwa lini, alijibiwa kwamba bado plasta, bado vioo, bado rangi. Nami nilimuunga mkono Kendi, maana ngazi hazikuwa na vyuma vya kushikilia.

Lakini mama alikuwa na presha ya macho. Daktari wa Meru mjini alitueleza waziwazi kwamba dawa zingepunguza kasi tu; kilichopotea hakirudi. Mama mwenyewe alisema anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba.

Jioni moja tulikuwa tukimenya viazi, Kendi akaanza tena habari za rangi. Mama akaweka kisu chini.

"Kendi, hiyo rangi unayoningojesha, nitaiona kwa macho ya nani?"

Asubuhi yake tukaenda.

Msimamizi wa ujenzi alitupa helmeti. Ya mama ilikaa juu ya kitambaa chake kama sufuria iliyofunikia chakula cha mukimo, na mafundi wakashindwa kujizuia.

"Mama, wewe ndiye injinia mpya?" mmoja akauliza.

"Ndiyo mimi. Na kama ukuta huu umepinda, leo hamli," mama akajibu, akiupapasa.

Wakacheka, wakamwita Injinia mpaka tulipoondoka.

Tulimpandisha polepole, Kendi mbele, mimi nyuma. Orofa ya kwanza ilikuwa wazi kutoka mwisho hadi mwisho, kwa sababu kuta za kugawa madarasa zilikuwa hazijajengwa. Kendi akaanza kueleza kama mtu anayeomba radhi: hapa patakaa vitanda vya mazoezi, hapa ubao, hili vumbi litaondolewa. Mama alimkatiza, akamwambia asimame pale ubao utakapokuwa. Kisha akanishika mkono, tukarudi nyuma, tukarudi tena, hadi mgongo wake ukagusa ukuta wa mwisho.

Ilinichukua muda kuelewa. Katika vyumba vyetu vidogo nyumbani, mama alimwona Kendi vipande vipande, jicho kisha mdomo. Mtu alipaswa kuwa mbali ndipo aenee kwenye bomba lile. Darasa lililokamilika lisingempa nafasi hiyo.

"Sasa nakuona," akasema. "Mzima, kuanzia viatu."

Kendi alikuwa ameinamisha uso, analia, mikono imejaa vumbi la saruji.

"Usiiname, mama yangu," mama akamwambia. "Bado natazama."

Mafundi walisimamisha kazi bila kuambiwa. Akatazama hadi akatosheka, ndipo akasema twende.

Jengo lilipofunguliwa, mama alikuwa chini ya hema akiwa na nguo yake mpya, na hakuona chochote. Watu walipomsimulia jinsi lilivyopendeza, alisikiliza kwa adabu, halafu akawaambia kwamba yeye alishamwona binti yake mle ndani.

Kwa hiyo nakusihi, mwanangu. Najua una mambo uliyoyafikisha katikati: masomo, kibanda cha biashara, pengine chumba cha kupanga ambacho hata kiti hakina. Unaona haya, unasubiri yanyooke ndipo uwaite waliokulea. Waite sasa. Hawaji kukagua kazi yako. Wanataka kukuona ukiwa ndani yake. Ngazi ziangalie, helmeti uombe, lakini wapeleke, na ukifika huko uwaache watazame kwa muda wanaoutaka wao.

Mungu akulindie macho yanayokupenda, na akujalie kusimama mbele ya macho hayo wakati bado yanaona.