Mjumbe wa Saba

Rowena Jacks alikuwa mpishi wa ukumbi wetu sisi wenyeji wa asili, huku pwani ya magharibi ya Kanada. Kwa miaka kumi na tisa aliwapikia watu waliojadili mkataba wa ardhi yetu na serikali. Wajumbe wetu walizeekea mezani pale pale, wa serikali wakawa wanabadilishwa.

Siku moja mjumbe mpya, Bwana Whitcombe, alidai kuwa serikali haijawahi kukubali kwamba ghuba tunakookota chaza ni yetu. Rowena, aliyekuwa akigawa supu ya samaki, akaweka upawa chini.

"Ilikubali," akasema. "Yule mjumbe wenu mwenye ndevu alikubali humu humu, siku umeme ulipokatika."

"Mama, kwenye faili langu halimo hilo."

"Litakuwemo vipi, na umekuja juzi? Wewe ni wa saba, mwanangu. Wote nimewalisha."

Watu wakaangua kicheko. Whitcombe naye akacheka, masikio yakiwa mekundu. Mwenyekiti wetu, Clifford, akauliza, "Shangazi, mwaka gani huo?"

"Aliozaliwa mjukuu wangu Tansy. Mwezi wa pili."

Tukapekua makabati. Kabla ya saa kumi jioni muhtasari wa kikao ukapatikana, na sahihi ya yule mwenye ndevu. Ghuba ikarudishwa kwenye ramani ya ardhi yetu.

Miaka mitatu baadaye tuliupigia mkataba kura. Rowena aliukataa.

"Ghuba tumepata," aliniambia, "na mlima wetu ulioachwa nje ya mkataba je?"

Wengi tuliukubali, ukapita. Siku ya kutia sahihi alipiga makofi pamoja nasi, kisha akamfuata waziri kumuuliza habari za mlima.