Mikro Ilikuwa ya Mgeni

Mimi ndiye niliyewaambia wanafunzi waondoe benchi barabarani. Naanza na hilo kwa sababu watu wa mji wetu wa Kasongo wakisimulia siku ile husema nilikuwa miongoni mwa waliomkataa mgeni. Si kweli. Mimi nilitaka aje.

Mgeni alikuwa kiongozi wa zamani wa nchi ya kigeni. Alikuwa ameahidi kukipa chuo chetu mitambo ya umeme wa jua, na mkurugenzi akamwalika azungumze na wanafunzi juu ya amani. Amani! Kwetu hakuna asiyejua kwamba wale waliochoma vijiji vya Kabambare walitembea na silaha zilizotoka kwake. Alipoulizwa redioni, alijibu kwamba hakuna kijiji kilichochomwa. Watu walihama tu kufuata dhahabu kwenye migodi ya Salamabila.

Siku mbili kabla hajafika, wanafunzi wangu wa historia walitoa benchi darasani wakaziba njia ya kuingilia chuoni. Aliyewaongoza alikuwa mwanamke aliyetoka Wamaza, huko Kabambare, mkubwa kuliko wenzake kwa kuwa vita vilimkatiza masomo. Alikuja Kasongo kwa miguu, yeye na mama yake. Baba yake alibaki kule, na mpaka leo hawajui alikolala.

"Mama mwalimu," akaniuliza, "ule mutu iko na haki gani ya kusema huku kwetu?"

"Haki ile ile uliyo nayo wewe. Mukimufunga kinywa leo, kesho watakufunga wewe. Mwache aseme. Akimaliza, utamuuliza mbele ya watu wote."

"Unaniahidi?"

"Ninakuahidi."

Wakarudisha benchi. Yeye akachana karatasi ya daftari, akaandika swali lake kwa Kifaransa, akanisomea mara tatu lisije likawa na kosa: kama watu wetu walihama tu, baba yangu yuko wapi? Nilipeleka swali lake na ya wenzake kwa mkurugenzi, naye akaniambia kutakuwa na nusu saa ya kuuliza. Nilimwamini. Hilo sijajisamehe.

Siku yenyewe sale, ukumbi wa chuo, ilijaa mpaka madirishani. Mgeni alizungumza muda mrefu, na alizungumza vizuri, jambo lililonikera zaidi. Wanafunzi wangu walinyamaza kimya. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyetoka. Walitimiza sehemu yao.

Kisha mkurugenzi akashika mikro, kile kipaza sauti, akasoma maswali. Mheshimiwa ameionaje Kasongo? Vijana wafanye nini wapate kufaulu? La tatu lilikuwa la mpira. Hakuna hata moja lililotoka katika karatasi nilizompa. Akaanza kumshukuru mgeni.

Yule mwanafunzi wa Wamaza akageuka. Hakumtazama mgeni wala mkurugenzi. Alinitazama mimi.

Nikasimama, nikaomba mikro. Mkurugenzi akaikumbatia kifuani. Basi nikalisema swali kwa sauti ninayotumia mvua inapopiga mabati ya darasa, neno kwa neno kama alivyoliandika mwenyewe.

Mgeni akatabasamu. "Madame, vita ni jambo gumu. Wewe ulikuwapo?"

Sikuwapo. Miaka ile nilikuwa hapa mjini, nyumbani kwa wazazi wangu, nyuma ya duka la vitenge. Nikatikisa kichwa, naye akafurahi.

"Mimi nilikuwapo," mwanafunzi akasema. Alikuwa amesimama juu ya benchi. Akaacha Kifaransa, akasema kwa Kiswahili. "Walikuja asubuhi. Tulikuwa tunatwanga muhogo. Baba alitoka kuwasalimia..."

Mkurugenzi akawapungia mkono watu wa fanfare, wapiga tarumbeta waliokuwa wakingoja nje kumsindikiza mgeni. Tarumbeta zikalia, ngoma zikapigwa. Niliona midomo ya mwanafunzi ikiendelea kusema, sikusikia kitu. Mgeni akainuka, sale nzima ikainuka naye, na walimu wenzangu, watu ninaokula nao, wakapiga makofi.

Jioni ile mkurugenzi aliniita ofisini. "Umetuaibisha mbele ya mgeni, Mama. Uhuru wa kusema iko na mipaka."

"Mipaka hiyo mbona yeye hakukutana nayo?" nikamuuliza. "Alisema saa nzima. Huyu mutoto wa watu alisema maneno kumi, ukamupigia ngoma."

Akaninyang'anya masomo niliyofundisha mpaka niandike barua ya kuomba radhi. Sikuiandika, na sitaiandika. Siku hizi nafundisha sekondari. Mitambo ya jua ilifika kweli. Inawasha taa za ofisi ya mkurugenzi.

Siku iliyofuata ujio wa mgeni nilikwenda kwa yule mwanafunzi kuomba radhi, maana yeye ndiye niliyemkosea. Nilimkuta uani na mama yake, wanamenya muhogo. Nikamwambia bado naamini mgeni alistahili kuachwa aseme, ila nilipaswa kuhakikisha na sisi tunasikika kabla sijamfungulia njia.

"Benchi zilikuwa mikono yetu," akajibu bila kuinua uso. "Wewe ulituomba tuishushe."

Mama yake akanivutia kigoda. Hakufika chuoni siku ile kwa kuwa miguu inamsumbua.

"Ule mugeni," akauliza, "alisema kitu juu ya bwana wangu?"

"Hapana, Mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akaitika kwa kichwa, akachukua muhogo mwingine. Niliporudi nilipita sokoni bila kumsalimia mtu.