Gati la Jamaa Tu

Mama yangu alikuwa na mdomo, na mimi nimeurithi wote, kwa hiyo mtanivumilia.

Boma letu liko chini ya mji mdogo wa Sosiot, pale mashamba ya chai yanapoteremka mpaka kwenye bwawa lililochimbwa na walowezi. Kituo cha kuuzia majani chai kilikuwa upande wetu. Watu wa ng'ambo ya bwawa wakizunguka kinamasi kwa miguu, majani yalipata joto kikapuni, yakageuka rangi, na karani akayakataa palepale. Kwa hiyo walivuka kwa viboti vya mbao walivyojigongomelea wenyewe. Miaka ya tisini ilipoanza, baba alijenga gati la magogo mbele ya nyumba, na mama, ambaye hakupenda kuona kitu kikikaa bure, akaanza kulikodisha.

Hakutaka pesa, alitaka mikono. Goti lilikuwa linamsumbua, dada zangu wote walikuwa wameolewa, na majani chai hayamngoji mtu. Basi kila mwenye kigingi cha kufungia boti alituchumia majani asubuhi moja kwa wiki. Kulikuwa na mzee wa kanisa, mchumaji wa polepole mno. Kulikuwa na mama muuza mboga aliyehamia huku kutoka Nyeri, ambaye alilipa kwa kabichi kwa sababu alisema kuchuma chai ni kazi ya kuvunja mgongo bure. Na kulikuwa na kijana wa Alhamisi.

Huyo wa Alhamisi, woi! Alichuma mstari wake, mimi wangu, na kati yetu maneno hayakukatika. Alinichekesha mpaka nikawa natupa majani chini badala ya kikapuni. Mvua mbili zikapita hivyo. Tulikuwa tumekubaliana kwamba baada ya mavuno ya mahindi atawatuma wazee wao kwetu. Baba na mama hawakujua lolote, au ndivyo nilivyodhani.

Halafu akaja mtu wa kanjo, yaani wa halmashauri, na gambuti zake safi. Alitusomea sheria kwa sauti ya kutangaza matanga: mwenye boma kando ya maji anaruhusiwa gati la nyumbani, la kufungia boti za jamaa zake tu. Kukodisha ni marufuku, iwe kwa pesa, kwa kazi au kwa mboga. Sijui nani alimwambia habari za kabichi. Angerudi Jumamosi pamoja na chifu, na wakimpata mpangaji hata mmoja, vigingi vyote vitang'olewa.

Mama hakulala chini kulia. Aliwaita wote jioni hiyo, akawapa maziwa, akatoa amri: "Jumamosi mkiulizwa, nyinyi wote ni jamaa zetu. Sisi ni ukoo mmoja. Mmesikia?"

Nilicheka pamoja na wengine. Kisha nikamwona kijana wangu hacheki, na ndipo nikaelewa. Kwetu watu wa ukoo mmoja hawaoani. Akisimama mbele ya chifu na wazee na kutamka kwamba yeye ni ndugu wa boma letu, neno hilo halifutiki tena. Mimi ningekuwa dada yake hadi kaburini. Na akikataa, gati linakwenda, na mama haniachi hai.

Jumamosi tulijaa ukingoni. Mtu wa kanjo alianza na muuza mboga.

"Wewe ni nani wao?"

"Mimi ni shangazi," akasema kwa lafudhi ya Nyeri isiyo na mchanganyiko. "Shangazi kabisa." Chifu akajifanya anakohoa.

Mzee wa kanisa alitoa jasho. Kusema uongo hakuweza, kumwangusha mama pia hakuweza. "Bwana mkubwa," akasema mwishowe, "sisi sote ni ndugu katika Bwana." Mtu wa kanjo akasonga mbele.

"Na wewe kijana? Ndugu pia?"

"Hapana."

Nilisikia mama akivuta pumzi.

"Kwa hiyo wewe ni mpangaji?"

"Nafunga boti hapa na nachuma majani ya mama kila Alhamisi. Lakini siwezi kusema mimi ni ndugu." Alinielekezea kidevu mbele ya watu wote. "Nikisema hivyo, huyu nitamwoaje?"

Haki ya Mungu, wanawake walipiga kigelegele hata kabla sijajua niuweke wapi uso wangu. Mama alikuwa ameshika kichwa. Baba alitazama maji tu. Mimi nilitaka ardhi inimeze, na papo hapo nilitaka aseme tena.

"Basi mpangaji amepatikana," mtu wa kanjo akasema.

"Ngoja," chifu akasema. "Kijana akimchumia chai mama wa msichana anayemtaka, hiyo ni kodi? Mimi mwenyewe niliwachimbia wakwe zangu choo kizima. Hakuna aliyeniita mpangaji."

Mtu wa kanjo alifikiri sana. Akakubali kwamba mpangaji hakuna, vigingi vibaki. "Lakini jamaa pia siye, amekiri kwa mdomo wake. Boti yake itoke leo."

Kwa hiyo boti zote zikabaki isipokuwa ya mtu mmoja aliyesema kweli. Akafungua kamba huku watu wakimshangilia, akapiga kasia kurudi kwao. Baba aliingia nyumbani, na mpaka mahindi yalipovunwa hakuligusia jambo hilo.

Siku wazee wao walipokuja, walizunguka kinamasi chote kwa miguu. Walifika na suruali za kanisani zimelowa matope hadi magotini. Baba aliwatazama kutoka juu mpaka chini.

"Mbona mmeteseka hivi? Gati si liko pale?"

"Tuliambiwa ni la jamaa tu," akajibu ami wa yule kijana.

Baba akawasogezea viti mwenyewe. "Safari ijayo," akasema, "njooni kwa boti."

Nyuma ya mlango wa jikoni nilipiga kelele, na mama akaniziba mdomo kwa leso yake huku naye akicheka.